Jino la Ukubwani

Siku ya tatu ya kuumwa jino Chiriku hakusema neno, na hapo ndipo mama yake alipokubali kwamba hali imekuwa mbaya. Siku mbili za mwanzo walijipa moyo. Baba alisema ni jino la utotoni linatafuta njia ya kutoka. Mama akamsukutulisha maji ya chumvi, akamwambia ajikaze, akampeleka shule. Lakini asubuhi hii mtoto alikaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili, asikipeleke mdomoni. Shavu la kushoto lilikuwa limeumuka hadi jicho likabaki mstari. Mtoto wa miaka minane, aliyepewa jina la Chiriku na baba yake kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, sasa alijibu kwa kichwa tu.

Mama yake alikuwa dobi katika hoteli moja kubwa ya mjini, na Dobi ndilo jina alilojulikana nalo mtaani, hata kwa mwenye nyumba. Alipiga magoti, akawasha tochi ya simu, akamwambia mtoto afungue mdomo. Harufu ilimfikia kabla hajaona kitu. Gego la chini, la mwisho upande wa kushoto, ambalo bila tochi halikuonekana vizuri, lilikuwa na shimo jeusi la kutosha kuingiza kichwa cha njiti ya kiberiti, na ufizi kando yake ulikuwa umevimba unang'aa.

"Lilianza lini hasa kuuma?"

Chiriku akainua mabega.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Alikuja akachungulia. Kisha akasema hili si la maji ya chumvi tena, mtoto apelekwe hospitali leo hii. Yeye alikuwa na geti la kufunga kwa mteja asiyesikia la mtu, lakini angejitahidi awahi kurudi. Dobi aliitikia bila kumwangalia. Hakuwa akiliwaza shimo peke yake. Meno ya mtoto huyu yalikuwa meupe, meupe pee, na kila asubuhi kwa miaka aliyakagua moja moja kama anavyokagua shuka kabla halijapelekwa kwenye vyumba vya wageni. Ndiyo kazi pekee aliyoamini ameifanya bila kasoro.

"Umempigisha mswaki kila siku," mumewe alisema, kama mtu anayemtetea mbele ya watu ambao hawakuwepo.

* * *

Msimamizi wa chumba cha kufulia hakupokea simu, kwa hiyo ilimbidi Dobi apitie kazini kwanza, mtoto mkononi. Aliingilia mlango wa nyuma kama siku zote. Miaka saba iliyopita alikuja hapo kuomba kazi ya mapokezi. Alikuwa na cheti, alijua kompyuta, na maswali yote aliyajibu sawasawa. Mwishoni yule bwana aliyekuwa akimhoji alimwomba atabasamu. Akatabasamu. Bwana alirudisha macho kwenye karatasi, akakohoa, akasema kuna nafasi huku chini, kwenye kufua, kazi isiyo na mambo mengi ya kuonana na wageni. Aliichukua kwa sababu alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, na mtoto haelewi habari ya kusubiri kazi nzuri.

Meno ya Dobi yalikuwa ya kahawia. Hayakuwa manjano ya mvuta sigara, bali kahawia iliyokolea, yenye mistari na madoa, kana kwamba mtu aliyapaka chai ya rangi akayaacha yakauke. Alizaliwa mahali ambapo maji yote yalitoka kisima kimoja kirefu, na kila mtoto aliyekulia maji yale aliota meno ya namna hiyo. Kule hakukuwa na wa kumcheka mwenzake. Alipohamia mjini ndipo alipoyaona meno yake kwa macho ya watu, na hapo akajifunza kucheka kwa pua.

Msimamizi alimsikiliza mbele ya wenzake, huku akiendelea kuhesabu foronya. Alisema jino ni jino, watu wanafanya kazi wanaumwa vibaya kuliko hivyo, na kwamba safari nyingine ajue wapo wengi nje wanaoitaka nafasi yake. Kisha akamtazama Chiriku, akaona lile shavu, akamwambia aende lakini asijizoeshe. Dobi akashukuru mara mbili, moja zaidi ya ilivyostahili.

* * *

Kliniki ya meno ilikuwa mwisho wa ukumbi, na benchi lake lilikuwa limejaa watu walioshika mashavu. Karani aliinua macho kutoka kwenye daftari, yakatua mdomoni mwa Dobi, yakabaki hapo.

"Mgonjwa ni nani hapa? Wewe au mtoto?"

Watu wawili benchini wakageuka. Dobi akasema ni mtoto, midomo ameibana hata karani akamwomba arudie.

Tabibu wa meno alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba nyeupe, mwenye sauti ya mtu aliyeongea tangu alfajiri. Hakumwambia Chiriku kwamba haitauma. Alimwambia leo ataangalia tu, na kwamba akitaka apumzike, ainue mkono. Chiriku aliinua mkono mara nne, na mara zote nne tabibu akaacha, akasubiri. Dobi aliliona hilo, na pamoja na wasiwasi wake akampenda kwa ajili ya hilo.

"Hili ni jino la ukubwani," tabibu alisema alipomaliza. "Liliota akiwa na miaka sita. Halina jingine nyuma yake. Limeoza hadi ndani, na usaha umeshuka kwenye taya. Atakunywa dawa siku tano uvimbe upungue, halafu tunaling'oa."

Dobi aliuliza kama haliwezi kuzibwa. Tabibu alisema lingeletwa mwaka jana lingezibwa. Lakini alitaka kumwonyesha kitu kingine. Alimpa kioo kidogo chenye mpini, akamwelekezea taa: magego mengine mawili yalikuwa na mabaka meupe kama chaki, yasiyong'aa. Dobi alikuwa akiyaona kila asubuhi. Aliyachukulia kuwa weupe zaidi.

"Kuoza kunaanzia hivi. Hapa hapajatoboka bado. Haya yanaokoleka." Tabibu alizima taa. "Anatumia dawa gani ya mswaki?"

Swali hilo Dobi alikuwa na jibu lake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliinua kichwa. Alisema ni ya mitishamba, anaitafuta duka baada ya duka, na hainunui mpaka asome pakiti ahakikishe haina floridi. Hata ikiisha madukani, heri ampigishe kwa mkaa na chumvi.

"Kwa nini?"

Dobi alifunua midomo, juu na chini, akayaonyesha meno yake yote.

Tabibu hakushtuka wala hakujifanya hakuona. Aliomba ruhusa, akavuta taa, akayaangalia moja moja, akiyagonga kidogo kwa mpini wa kioo. Akauliza alikulia maji gani, na kama amewahi kuumwa jino, kutobokewa na jino, kung'oa. Dobi akasema ya kisima kirefu, kisha hapana, hapana na hapana.

"Unaona sasa. Haya yaliharibiwa rangi ulipokuwa mdogo, yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Ulikunywa floridi nyingi mno katika maji yale, kila siku, kwa miaka. Kuna ambao humomonyoka kabisa. Yako yamebaki imara. Ubaya ulikuwa wa kisima. Lakini jino likishatoka nje limeshajengwa, haligeuki tena likawa hivi."

Akavuta kiti chake karibu, akamweleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza lakini hajachoka na mtu aliye mbele yake. Alisema kila mtoto anapokula kitu kitamu, vijidudu vya mdomoni hula pamoja naye, na vikishakula hutoa asidi. Asidi hiyo hunyofoa madini kwenye gamba gumu la nje la jino, kidogo kidogo, pasipoonekana. Mate huyarudisha. Ndivyo siku nzima, yanatoka yanarudi, na jino huoza pale yanayotoka yanapozidi yanayorudi. Floridi kidogo juu ya jino husaidia yarudi upesi, na sehemu iliyorudishwa huwa ngumu kuliko ile ya mwanzo, asidi haiiwezi kirahisi. Ndiyo maana dawa ya kiasi cha punje ya njegere inatosha, mtoto apige mswaki kisha ateme, asimeze. Na maji ya mji huu, alisema, yalishapimwa. Floridi iliyomo ni ndogo.

"Kwa hiyo kile kilichoniharibia mimi ndicho kingemponya yeye," Dobi alisema.

"Kwa kiasi chake, ndiyo."

Tabibu akamwonyesha fomu. Alitaka kuyapaka yale magego vanishi yenye floridi, utando wa dawa unaogandia juu ya jino, kazi ya dakika mbili, leo na tena baada ya miezi kadhaa. Dobi aliishika kalamu. Aliliangalia neno lile kwenye karatasi, neno alilolikimbia kwenye kila pakiti kwa miaka minane, na mkono ukakataa. Alisema ling'olewe lililooza, hayo mengine yaachwe kwanza. Tabibu hakubishana. Aliandika alichoandika, kisha, kwa kujaza kadi tu, akauliza mtoto anasoma wapi. Dobi akamtajia.

Tabibu akainua macho. "Pale kwenye tangi la maji? Mwaka jana tulipeleka miswaki na dawa kwa shule nzima. Watoto wapige mswaki pamoja kila siku baada ya chakula. Tukaambiwa wazazi wamekataa." Alitikisa kichwa, bila hasira. "Sikuwahi kuelewa nani aliwatisha."

Dobi akamshika mtoto mkono, akashukuru, akatoka.

* * *

Aliyewatisha alikuwa yeye.

Ilikuwa katika mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa anasoma barua ya watu wa afya kwa haraka, kama kitu kilichokwisha kuamuliwa, na alipofika kwenye floridi Dobi alijikuta amesimama. Hakuwahi kusimama kwenye mkutano wowote. Alisema kwamba anaijua floridi, ameishi nayo mdomoni, na kama kuna mzazi anayetaka kuiona aje karibu. Kisha akafunua midomo na kuzunguka ukumbi, safu hadi safu, kama mwalimu anayeonyesha picha. Akina mama walishika vifua. Mama Pacha, mshona sare za shule aliyekuwa rafiki yake, alisimama wa kwanza akasema watoto wake wawili hawatapakwa sumu. Walimfuata wengine. Mwalimu mkuu aliwaomba watulie, hakuna aliyetulia, na mwishowe akaandika barua ya kukataa.

Wakati wa kurudi nyumbani wanawake walimzunguka njia nzima, wakamwita jasiri. Meno yaliyomfungia mlango wa mapokezi yalikuwa yameokoa shule nzima. Wiki ile alicheka mdomo wazi, na mumewe aliona.

* * *

Dawa ilifanya kazi. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, na siku ya nne, Jumapili mchana, Chiriku alirudiwa na domo lake. Alikuwa amekaa sakafuni anamsaidia mama yake kuoanisha soksi, akaanza kusimulia habari za darasani zilizokuwa zimemrundikia. Katikati ya hizo akasema, kama jambo la kawaida tu, kwamba kwenye dawati lao wote wanatafuna upande mmoja.

Mama yake akaacha soksi. "Wote nani?"

Chiriku akahesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, yule mrefu, yule anayekaa dirishani. Pacha mmoja huweka pamba jinoni na kuitoa mwalimu akija. Walikuwa na mchezo: anayeweza kunywa maji ya baridi bila kufumba jicho ndiye mshindi, na hakuna aliyewahi kushinda. Alisema hivyo huku anacheka, upande mmoja.

Dobi alisubiri mtoto atoke kwenda kucheza. Mumewe alikuwa amejinyoosha kitandani akisikiliza redio kwa sauti ndogo. Dobi akaja akakaa karibu na miguu yake, akamwambia yote: mabaka ya chaki, fomu aliyoikataa, miswaki iliyorudishwa. Alitarajia amlaumu. Kulaumiwa kungemfaa.

"Mimi dawa yangu ina floridi," mumewe alisema. "Ile ya kwenye mkoba wa karakana. Napigia mswaki kule ili usiione."

"Toka lini?"

"Toka tuoane."

"Na ukaniacha nifanye niliyofanya."

Mumewe akakaa kitako, akazima redio. Alisema hakuwa na uhakika, yeye ni mtu wa chuma, hajui habari za meno. Aliona watu wanapiga mswaki na dawa ileile na wako salama, lakini kila alipotaka kumwambia, alikumbuka anayemwambia ni nani, na meno aliyo nayo. Kisha siku ile ya mkutano alirudi nyumbani akamkuta anapika huku anaimba. "Sikuwahi kukuona hivyo. Nikasema potelea mbali. Nikaona kukunyamazia ndiyo mapenzi."

Dobi alirudi sakafuni. Alizichukua soksi, akaendelea kuzioanisha, na mbili za mwisho hazikuwa na wenzake.

* * *

Jino la Chiriku liling'olewa siku ya Jumanne. Sindano ilipoingia alipiga kelele moja tu, na Dobi, aliyekuwa amemshika miguu, akaibana zaidi. Tabibu alimtajia kila hatua kabla hajaifanya: sasa utasikia kusukumwa, sasa utasikia mlio, usiogope mlio. Kisha gego likawa kwenye sahani ya chuma, dogo kuliko lilivyodhaniwa, lina mizizi miwili na shimo katikati. Mtoto aliuma pamba, machozi yakamtiririkia masikioni.

"Nipe ile fomu," Dobi alisema.

Alisaini kabla hajaketi. Aliangalia brashi ndogo ikipita juu ya yale magego, mara moja, mara mbili, ikiacha utando wa rangi ya asali, na alijua mwili wake wote unataka kumrukia tabibu na kumnyang'anya. Akatulia. Ilipokwisha, alimwomba tabibu dakika moja nje, kwenye ukumbi.

"Uliuliza nani aliwatisha."

Tabibu alimtazama, akaelewa. Mtu alipita akisukuma ndoo ya maji. Dobi akauliza alilolibeba tangu Jumapili: kama meno ya watoto wale wote yameoza kwa ajili yake.

Tabibu angeweza kusema hapana, na Dobi angemshukuru. "Mwaka mmoja hauozeshi meno yote hayo," alisema. "Kuna pipi, kuna soda, kuna watoto wasio na mswaki kabisa, na sisi hapa tuko wawili kwa mji mzima. Lakini mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Kuna meno yaliyokuwa na baka tu, sasa yana shimo."

"Mnaweza kurudi shuleni?"

"Hatuwezi kurudi bila kuitwa."

* * *

Mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Alimkumbusha kwamba mwaka jana alimfanya aonekane hana amri katika shule yake, na watu wa afya walimjibu kwa barua yenye maneno makali. Sasa tena aitishe mkutano kwa sababu mzazi yuleyule amebadili mawazo? Dobi alisema ndiyo, kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu mkuu alichezea kalamu, akauliza kama ana hakika safari hii. Akasema ana hakika, na kwamba atasema yeye mwenyewe, lawama zisimguse mwalimu. Hilo la mwisho ndilo lililomlainisha.

Wazazi walikuja, wachache kuliko safari ile, wakaketi kwenye madawati madogo magoti yakiwa juu. Tabibu alikaa mbele na boksi lake la miswaki. Mume wa Dobi alisimama nyuma kabisa, nguo bado zina madoa ya moto wa kuchomelea. Chiriku aliachwa uani na wenzake.

Dobi alikuwa ameandika karatasi, akashindwa kuisoma. Aliikunja.

"Mwaka jana niliwaonyesha meno yangu," alisema. "Sikuwadanganya kuhusu haya yangu. Niliwadanganya kuhusu ya watoto wenu, kwa sababu nilikuwa sijui, na sikutaka kuuliza. Mwanangu ameng'olewa jino la ukubwani wiki hii. Halitaota tena."

Akawaeleza alivyoelezwa. Alichanganya mambo, akarudi nyuma, akasahau neno, tabibu akamsaidia. Aliwaambia kwamba wingi ndio uliomharibu na kiasi ndicho kinachokinga; kwamba alisoma pakiti zote akaamini anamlinda mtoto, kumbe alikuwa anamvua nguo kwenye baridi. Aliwaambia wakifika nyumbani wawashe tochi, wawafungue watoto midomo, watafute mabaka kama chaki.

Baba mmoja aliyevaa kofia aliuliza kwa upole wa kejeli kama mwakani tena watakuja kuambiwa kinyume chake. Watu wakacheka. Mwingine akasema huyu mama kazoea jukwaa. Dobi aliacha kicheko kiishe. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameketi safu ya mbele, mkoba mapajani, anamtazama Dobi kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu na muuzaji anayemfahamu. Tabibu alipoanza kugawa fomu, Mama Pacha aliinuka, akapita kati ya madawati, akatoka bila kuchukua.

Zilisainiwa fomu za kama nusu ya ukumbi. Tabibu alisema nusu si haba, wataanza na hao. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba watakaopiga mswaki watapanga mstari bombani baada ya chakula, wasiopiga wabaki darasani, na wazazi wakatawanyika wakiulizana nani kasaini. Njiani hakuna aliyemzunguka Dobi. Mumewe alitembea kando yake, Chiriku mbele yao akionyesha kila mtu pengo lake. Walipokaribia nyumbani mumewe alisema ameuhamisha mswaki wake na ile dawa kutoka karakana, viko nyumbani. Dobi akasema vizuri.

* * *

Zilipita wiki tatu. Jumamosi moja, kabla ya saa sita mchana, Dobi alikuwa anaanika nguo zake mwenyewe alipomwona Mama Pacha amesimama kwenye kona ya nyumba, pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Hawakuwa wamesalimiana tangu mkutano.

Mama Pacha hakukaribia. Alisema hakuja kupatana. Alisema yeye ndiye aliyesimama wa kwanza mwaka jana, na alisimama kwa sababu ya Dobi, na hilo hataki kuambiwa samahani kwa ajili yake, maana samahani haitamrudishia kitu. Dobi aliitikia kwa kichwa, nguo imemlowesha mikono.

"Niliwasha tochi," Mama Pacha alisema. "Wote wawili. Nimewapeleka, wamepangiwa Jumatatu kung'oa. Kila mmoja jino moja." Alichomoa pini, akaichomeka tena. "Mimi sindano ya hospitali siiwezi. Nikiiona naanguka. Baba yao hayupo."

Dobi aliiweka nguo kwenye beseni.

"Wewe umeshashika mmoja."

Jumatatu Dobi aliomba ruhusa tena, akaambiwa tena kwamba wapo wengi nje wanaoitaka nafasi yake, akashukuru mara moja tu. Karani wa kliniki aliuliza mgonjwa ni nani, akajibiwa ni hawa wawili. Mama Pacha alifika nao hadi mlangoni, akawasukuma ndani kwa viganja, akageuka akautazama ukuta.

Wa kwanza aliomba akae juu ya mapaja ya mtu. Tabibu akakubali. Dobi alipanda kitini, akampakata mtoto ambaye hakuwa wake, akamkumbatia mikono isiinuke ghafla, akamweka kichwa kifuani. Alimwambia atasikia kusukumwa, kisha mlio, na mlio si kitu. Mtoto alilia, akang'ang'ania sketi yake, akalia tena, na baadaye akawa mzito kama shuka mbichi, pamba mdomoni.

Nje ya mlango Mama Pacha aliuliza kama imekwisha. Hakuna aliyemjibu upesi, kwa sababu haikuwa imekwisha. Tabibu alibadilisha glavu. Akampokea mtoto wa kwanza, akamketisha kando, akamtazama Dobi kama anayeuliza iwapo angependa kushuka, anyooshe miguu.

Dobi alijisogeza vizuri kitini, akafungua mikono.

"Mlete huyo mwingine," alisema.